"Imejaribiwa kwa panya": maswali ya kolesteroli kliniki Kigoma

Kolesteroli ni nini?
Ni mafuta ambayo ini lenyewe hutengeneza, na mwili unayahitaji. Sehemu yake ini huigeuza tindikali za nyongo, zinazosaidia kusaga mafuta ya chakula. Ikizidi kwenye damu huziba mishipa.

Mawese hayana kolesteroli. Mbona mnatuambia tupunguze?
Kweli hayana. Lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli ya damu. Kikombe kizima kwenye sufuria moja ya maharage ni kingi mno, mama.

Muuzaji kasema dawa yake imejaribiwa kwa panya ikashusha kolesteroli. Niache vidonge vya kolesteroli mlivyonipa?
Hapana. Usiache.

Panya si mtu mdogo. Kolesteroli husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na chembe ndogo. Yake nyingi husafiri katika chembe za HDL, ile tunayoiita nzuri. Yetu nyingi iko katika chembe za LDL, inayoziba mishipa. Hata nyongo yake ina tindikali ambazo ini la mtu mzima halitengenezi. Panya wa kawaida ukimlisha mafuta, mishipa yake haizibi kirahisi.

Kwa nini basi wataalamu hutumia wanyama?
Kutafuta njia. Mwaka 1913, nchini Urusi, Nikolai Anichkov aliwalisha sungura kolesteroli, mishipa yao ikaharibika. Baadaye Akira Endo wa Japani alipata dawa ya kwanza ya jamii ya statini, vidonge vya kushusha kolesteroli: kwa panya haikushusha kitu, kwa kuku ikashusha. Angemsikiliza panya peke yake, angeitupa. Na baada ya wanyama, statini zilipimwa kwa maelfu ya watu, kwa miaka. Muulize muuzaji chupa yake imepimwa kwa watu wangapi.

Lakini najisikia vizuri kabisa.
Kolesteroli haiumi! Nimechoka kupokea watu walioacha vidonge kwa sababu "niko sawa", wakaletwa mdomo umepinda na mkono hauinuki. Usiache. Kidonge kikikusumbua, rudi tukibadilishe au tupunguze dozi.

Nimeshachanganya vyote viwili.
Njoo na chupa, hatutakugombeza. Misuli ikiuma bila sababu, mkojo ukiwa rangi ya chai au macho yakiwa manjano, njoo siku hiyo hiyo.

Kifua kikibana au mdomo ukipinda, usisubiri kupambazuke, usianze kwa kuchuliwa. Hata kama uko kijiji cha ziwani, safari ianze saa hiyo hiyo.