Je, Wajua Kwa Nini Mtoa Mada Hurudia Swali Kabla ya Kulijibu?

Kwenye mikutano ya watengenezaji wa programu jijini Kampala, iwe Ntinda au Nakawa, mtoa mada mzoefu akiulizwa swali halijibu palepale. Hulirudia kwanza kwenye kipaza sauti: "Mwenzetu anauliza kama programu hii itaendelea kufanya kazi intaneti ikikatika." Mgeni hudhani anavuta muda wa kutafuta jibu. Pengine anavuta kweli, lakini sababu kubwa ni jinsi sauti inavyosafiri.

Muulizaji wa mstari wa mbele humtazama mtoa mada, na watu karibu wote wako mgongoni kwake. Mazungumzo ya kawaida, ukiwa mita 1 kutoka kwa msemaji, huwa na nguvu ya desibeli 60 hivi. Mahali pasipo na mwangwi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6: mita 2 ni 54, mita 4 ni 48, mita 8 ni 42. Kuta za ukumbi hurudisha kiasi, ila hukirudisha kikiwa kimevurugika. Weka na feni, projekta, bodaboda za nje na mvua ya alasiri juu ya mabati, hapo hata aliyekaa katikati haambulii kitu.

Tena sauti haipungui sawasawa. Irabu zina nguvu na huzunguka kichwa cha msemaji bila shida. Konsonanti kama s, f na t hutegemea masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, nayo huelekea mbele kama mwanga wa tochi. Basi aliye nyuma ya muulizaji hupata irabu na kukosa konsonanti. Ingekuwa porojo za kawaida angekisia. Lakini jina la amri ya kompyuta, au herufi B, D na P zikitajwa kwa Kiingereza, atazikisia vipi?

Wapo wanaosema, "Mimi sihitaji maiki, sauti yangu inatosha," kisha wanauliza, "Mnanisikia?" Wanaoitikia ni wale wanaosikia. Mwenye tatizo la masikio hukaa kimya, na ukimya wake huhesabiwa kuwa ndiyo.

Anayefuatilia mtandaoni akiwa Gulu au Mbale hupata kile tu kilichopita kwenye kipaza sauti. Ndiyo maana video nyingi za mikutano zina majibu yasiyo na maswali: "Ndiyo, lakini si kwa toleo la zamani." Ndiyo nini?

Kuna na suala la lugha. Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, na mitaani Kampala Kiganda ndicho kimetawala. Mwanafunzi aliyetoka Goma akiuliza kwa Kiswahili, mtoa mada hulitoa swali kwa Kiingereza ili ukumbi mzima ulipate, na mwenye swali hupata nafasi ya kusema, "Hapana, sikumaanisha hivyo." Hapohapo unaweza pia kulipunguzia swali kejeli. Kila mkutano una mjuaji wake, na swali lake likirudiwa bila ile dharau, mara nyingi hubaki swali zuri tu.

Katiba ya Uganda ya 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaagiza lugha ya alama kwa viziwi iendelezwe. Palipo na mkalimani wa lugha hiyo, kurudia swali humpa maneno kamili ya kutafsiri badala ya kubahatisha sauti iliyotoka kona ya ukumbi. Ila mkalimani huwa nyuma ya msemaji kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo ukishajibu, nyamaza kidogo kabla ya kuchagua mkono unaofuata, kwa kuwa mkono wa kiziwi huinuka baada ya mingine, jibu likishamfikia. Ukimchagua wa kwanza kuinua kila mara, kipindi cha maswali kitaisha na yeye hajauliza hata moja.