Kwa nini mwanafunzi aliyeshapata chuo anayeyuka kabla chuo hakijafunguliwa?

Mtu kamaliza sekondari, chuo kimempokea, na mwenyewe kashasema naenda. Mwezi wa nane hatokei. Marekani watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page wanakadiria yanawakuta asilimia 10 mpaka 40 ya waliokusudia kwenda chuo, inategemea na sehemu, na wanaoumia zaidi ni wa familia zenye kipato kidogo.

Jibu la haraka huwa ni hela au uvivu. Hela imo, hilo sibishi. Ila uvivu hapana jamani, mvivu gani kajaza maombi ya vyuo, kaandika insha, kafanya na mtihani? Na wengine msaada wa fedha walishaomba wakapangiwa, bado wakayeyuka.

Chukulia unaunganisha daladala mji usioujua. Shule imekushusha kituo cha katikati mwezi wa sita, mshauri wake kaenda likizo. Gari la chuo lipo ng'ambo ila konda wake hakujui, hakuiti. Hapo ndo unatakiwa peke yako umalize uhakiki wa FAFSA, ile fomu ya msaada wa serikali kuu, upeleke cheti cha chanjo, ulipie hosteli, na vyuo vingine vinakubandika bili ya bima ya afya mpaka ujaze fomu ya kuikataa (hii mi huwa inaniacha hoi), kila kitu na tarehe yake. Mwenye mzazi aliyesoma chuo anavushwa barabara, mwenzake anabaki kituoni na hakuna anayemtafuta, maana shule inajua kaondoka na chuo kinajua hajafika.

Ndo maana meseji za simu za kukumbusha zilisaidia baadhi ya miji. Chuo kikuu cha Georgia State, Atlanta, mwaka 2016 waliweka roboti la kujibu meseji hata usiku wa manane, waliopotea wakapungua kwa karibu moja ya tano. Lakini taratibu: meseji za kuhimiza FAFSA zilipotumwa kwa wanafunzi zaidi ya 800,000 nchi nzima, hazikubadili kitu. Pengine kwa sababu zilitoka kwa mtu wasiyemjua, ingawa hilo ni dhana tu.

Kumaliza chuo nako kunadai mtu wa karibu. Mpango wa ASAP wa CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji la New York, ulioanza 2007, unampa mwanafunzi mshauri wake, ada iliyobaki analipiwa, vitabu, na kadi ya usafiri. Kwenye jaribio moja, ndani ya miaka mitatu walimaliza asilimia 40, wenzao wasio kwenye mpango 22.