Transfoma si rejeta ya gari

"Mafuta ya transfoma si ni ya kupoza tu, fundi, kama maji ya rejeta?" Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwenye kiwanda ambaye vijana wake wamejazia transfoma ya kV 11 (volti 11,000) oili ya haidroliki iliyobaki kwenye pipa.

Ingekuwa ya kupoza tu, tungetia maji. Kilo ya maji hubeba joto takriban mara mbili ya kilo ya mafuta, na bombani yapo. Mafuta yamo mle kuzuia umeme usiruke: koili ya kV 11 na ile ya volti 400 zimebanana, na kati yake kuna karatasi iliyolowa mafuta. Kupoza nako ni kazi yake, sibishi. Ya moto hupanda, hupoa kwenye mapezi, hushuka. Basi.

Adui ni unyevu. Mafuta mapya yaliyochujwa vizuri yanatakiwa kuhimili angalau kV 70 kwenye nafasi ya milimita 2.5. Yakiingiwa na maji na nyuzi za karatasi, kipimo kinaporomoka huku rangi ikibaki ileile ya asali. Fundi anayeinua chupa juani na kutangaza "bado safi" amepima macho yake.

Na maji mengi hayamo kwenye mafuta, yamo kwenye karatasi! Transfoma ikibeba mzigo ikapata moto, karatasi inayaachia. Ikipoa, inayavuta tena, taratibu. Chukua sampuli kwenye transfoma iliyozimwa siku kadhaa, utapata jibu tamu la uongo. Ndiyo maana nauliza joto la mafuta kabla ya kitu kingine. Ndiyo maana pia unachuja leo, yanatoka yanameta, wiki chache baadaye kipimo kimerudi kulekule na mteja anakuita mwizi.

Silika jeli, zile punje za buluu zinazokausha hewa inayoingia kwenye transfoma, ikigeuka pinki, badilisheni. Sitarudia.

Kipimo chenyewe, nikiri, hakinipi usingizi kila siku. Tunapandisha umeme kwenye mafuta mpaka cheche iruke, mara sita, tunachukua wastani. Kuna sampuli moja iliyonipa kuanzia kV 32 hadi 58. Kipovu? Unyuzi? Au chombo sikukisuuza vizuri? Wastani niliuandika kwa mkono mzito.

Yule mwenye kiwanda nimemwambia azime, tumwage yote, tusuuze tangi, tukaushe koili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile oili ya haidroliki anaweza kuirudisha kwenye pipa.