Graveli: ni kinga, ni barabara ao ni mode tu?

Sasa ivi ukiwa mtu wa kinga, yaani baiskeli, hapa Lubumbashi na telefone yako iko na mega, siku haiishi bila kuona graveli. Picha ni zile zile: kinga nyembamba yenye gidoni ya kupinda kwa chini, matope mpaka kwenye kiti, mto pembeni, miti mirefu nyuma. Na kila mara kuna mtu anauliza hiyo ni kinga ya lami ao ni VTT, ile ya milimani. Si lami, si VTT. Graveli ni kuendesha kinga safari ndefu, kwa mwendo wa maana, fasi lami imeisha lakini barabara haijaisha. Njo yote, mengine ni maelezo juu ya hapo.

Na hizo fasi ziko mingi. Kuna barabara za udongo uliogandamizwa wakamwaga changarawe juu, kuna njia za pori zenye makamyo ya mbao yanapita, kuna zilizokuwa reli zamani wakang'oa vyuma, kuna za kando ya mifereji kule Ulaya fasi farasi walikuwa wanavuta mashua. VTT inaenda mbali zaidi, inaingia kusiko na barabara kabisa, kwenye mizizi na mawe makubwa, njo maana iko na supansho ya mbele na mara mingi ya nyuma. Kinga ya lami nayo inakataa mapema, ipeleke kwenye changarawe na tairi yake ya milimita 25 ao 28 halafu uniambie jioni mikono inasikia nini.

Ukitaka kujua kinga ni ya graveli, angalia tairi mbele ya kusoma jina kwenye fremu. Upana ni milimita 38, 40, 45, siku hizi wengine wanafika 50. Tairi pana inabeba hewa mingi kwa presha ndogo, baa 2 ao 3 hivi, wakati tairi nyembamba ya lami watu wamezoea kuijaza mpaka 6 ao 7. Hiyo presha ndogo njo siri. Jiwe likikutana na tairi laini linaingia kidogo kwenye mpira, kinga inapita. Likikutana na tairi ngumu linainua kinga nzima na mtu aliye juu yake, na kila ukirushwa juu hivyo ni nguvu ya miguu imepotea bure. Kwa hiyo kwenye changarawe tairi pana ya laini inakimbia kuliko nyembamba ya ngumu, kitu ambacho watu wa lami walikibishia sana. Wengi hawaweki tena mpira wa ndani, wanamimina maji ya latexi ndani ya tairi, mwiba ukitoboa yale maji yanakimbilia tundu na kuliziba unaendelea na safari. Breki ni za diski sababu matope hayazisumbui sana, vitesi vya kupandia ni vyepesi kabisa, gidoni imepanuka kwa chini ushike imara ukishuka, fremu ni ndefu kidogo isiyumbe. Basi.

Hapa njo mi naanza kucheka. Chukua zile kinga nyeusi nzito za watu wa makala, mkaa wa kupikia, zile zinaingia mjini asubuhi na magunia yamepangwa juu mpaka yanapita kichwa, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani uliochanwa, mwenyewe anatembea pembeni, mkono mmoja kwenye gidoni mwingine unasukuma gunia. Akipumzika, inama usome namba kwenye ubavu wa tairi: 28 x 1½. Ukiiweka kwa milimita ni 40. Ni upana ule ule ambao duka la Ulaya linauza leo kwa jina la graveli! Ile kinga ilichorwa wakati hata Uingereza kwenyewe barabara mingi hazina lami, kwa hiyo haishangazi. Haina vitesi, breki ni za fimbo za chuma, uzito wake usiulize, lakini swali la tairi na barabara lilijibiwa zamani. Mtu akikuambia graveli ni kitu kipya, mwambie kipya ni vitesi, wepesi na bei.

Sasa kwa nini kila njia ya graveli wanayoisifia iko na mto na pori? Uzuri wa picha uko, lakini si huo peke yake. Mto unatafuta fasi ya chini siku zote, kwa hiyo njia inayoufuata inapanda polepole bila kukuvunja. Watu wa reli walijua, treni haiwezi mlima mkali, njo maana reli mingi zilipitishwa mabondeni, na siku reli inafungwa inaacha njia ya ulaini ambao hakuna mjenzi wa barabara angekuzawadia. Pori nalo lina barabara zake sababu ya mbao: kamyo lenye magogo linataka njia iliyopigwa mawe, pana, yenye kona ambazo litaweza kugeuka. Wakimaliza kuvuna, ile njia inabaki na karibu hakuna gari inapita. Unganisha bonde na pori unapata kilomita 80 za kinga bila honi hata moja.

Mfano mzuri ni Ardenne, kule Ubelgiji, fasi wengi wetu tuko na ndugu. Mto Ourthe unauzunguka mji wa La Roche-en-Ardenne, Semois inajipinda pale Bouillon karibu ijifunge fundo. Ukiangalia ramani unasema hapa hakuna milima, na ni kweli, fasi ya juu kabisa ya Ubelgiji yote, Signal de Botrange, ni mita 694, wakati sisi hapa Lubumbashi tunalala kwenye mita 1,200 na zaidi bila kusema neno. Lakini mtego uko hapo hapo. Njia ya graveli kule haikai bondeni, inafuata mto kilomita chache, inakuingiza porini inakupandisha mpaka kwenye plato, unavuka mashamba, unashuka bonde la pili, unapanda tena, la tatu, tena. Kila mpando ni mfupi na ni mkali, na mwisho wa siku unakuta umepanda mita elfu na kitu bila kuona mlima hata mmoja wa kupiga picha. Kwa hiyo njia ya mabonde usiisome kwa kilomita, isome kwa jumla ya mita za kupanda, halafu uulize ni udongo ao ni mawe, halafu mvua ilinyesha lini.

Hiyo ya mvua watu wanaisahau. Pori lina kivuli, na kivuli kinalinda matope: barabara ya nje imeshakauka lakini ya ndani ya miti bado inateleza. Majani yakianguka yanafunika shimo, jiwe, mzizi, vyote vinafanana. Changarawe inapenda kujikusanya kwenye kona, kwa hiyo funga breki mbele ya kona, si ndani yake, ndani yake umeshachelewa.

Asiyetaka kupanda kuna njia kama Vennbahn, reli ya zamani ya kilomita 125 kutoka Aachen, Ujerumani, inapita Ubelgiji mpaka Troisvierges kule Luxembourg, mteremko mdogo kabisa. Sehemu kubwa imewekwa lami, wakali wa graveli watasema hiyo haihesabiki, na mi niko upande wao, lakini kwa kuanza si mbaya.

Upande wa mashindano, jina kubwa ni Unbound ya Emporia, Kansas, ilianza 2006, maili 200 yaani kilomita 320 na kitu kwenye mawe makali yanayochana tairi. UCI, shirikisho la kinga la dunia, wenyewe walikuja nyuma, shampionati ya dunia ya kwanza ya graveli ilifanyika 2022 Veneto, Italia, Gianni Vermeersch na Pauline Ferrand-Prévot wakachukua. Na karibu na sisi kuna Migration Gravel Race ya Kenya, tangu 2021, inapita nchi ya Wamaasai.

Kwetu hapa bonde la mto Kafubu na njia za pori za nje ya mji ni graveli tupu, hakuna haja ya kuipaka rangi. Miombo haina kivuli kizito cha Ardenne, kiangazi miti inapukutisha na jua linakupiga wima, kivuli cha kweli utakipata kwenye mushitu tu, lile pori zito la kando ya maji. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa adui ni vumbi jekundu, linakula chaini, pangusa kila ukirudi. Mvua ikianza ule ule udongo unashika tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, kwa hiyo acha nafasi ya kidole kati ya tairi na fremu, usidanganyike na tairi pana inayojaza uma wote. Barabara yenye mabati, zile tuta ndogo ndogo zinazotengenezwa na magurudumu yenyewe, hakuna tairi ya graveli itazimaliza, tafuta ukingo. Na barabara ya Kasumbalesa, ile ya mpaka wa Zambia, waachie makamyo ya shaba.

Kabla ya kuingia njia usiyoijua, usiamini ramani ya telefone kwenye vijito. Inakuonyesha daraja, kumbe ni magogo mawili na moja lilienda na maji. Wasimamishe watu wa makala, wasalimie kwanza, halafu waulize wamepitia wapi leo.