Kruza ya watu wawili: maana ya siti ya nyuma inayokalika

Ukitaja kruza Dar es Salaam au Nairobi, wengi wanawaza Land Cruiser. Hapa nazungumzia pikipiki: ile ndefu ya chini, yenye tangi la mafuta lililochongoka kama tone la maji, usukani uliorudi nyuma kumfuata dereva, na sehemu za kukanyagia zilizosogezwa mbele. Jina limetokana na neno la Kiingereza la kwenda mwendo wa kutulia. Umbo ni la Marekani, la pikipiki ambazo Harley-Davidson ya Milwaukee na Indian ya Springfield, Massachusetts, zilikuwa zikitengeneza kuanzia miaka ya 1930. Barabara ndefu iliyonyooka, injini kubwa inayozunguka taratibu, na dereva aliyeketi kama yuko barazani kwake. Wajapani waliufuata mtindo huo baadaye: Yamaha walitoa Virago mwaka 1981, Honda wakatoa Shadow mwaka 1983. Siku hizi Wahindi nao wamo, na wao ndio wanaotengeneza kruza ndogo ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzifikiria.

Kwa hiyo watu husema kruza ni pikipiki ya starehe. Kwa dereva ni kweli. Kwa anayekaa nyuma, neno hilo halina maana yoyote mpaka umwone amekaa. Nimejifunza hivyo kwa kumuumiza mke wangu. Tulitoka Mwenge kwenda Bagamoyo na kruza niliyokuwa nimeinunua kwa mtu, inang'aa, inanguruma vizuri. Mimi nilifika nimepumzika kuliko nilivyoondoka. Yeye alisimama kando ya barabara Mapinga, akanyoosha magoti, akaniambia angemalizia safari kwa daladala. Hakuwa ametania. Pikipiki haikuwa mbovu. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mimi sikujua kuitazama.

Ukirudi kwenye historia utaona sababu. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa siti ya abiria wa pikipiki, pillion, lina asili ya Kigaeli cha Uskoti, na maana yake ni mto mdogo: ule uliowekwa nyuma ya tandiko la farasi ili mtu wa pili apate pa kukalia. Tandiko lilikuwa la mwenye farasi, mto uliongezwa. Kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa Marekani walipenda kuzipunguza pikipiki zao uzito, wakikata madgadi na kung'oa kila kisichohitajika kwa mwendo, siti ya nyuma ikiwemo. Mtindo huo wa kukatakata ukaonekana wa kiume na mzuri, na hadi leo kuna kruza zinazotoka kiwandani zikiuiga. Harley Forty-Eight, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, ilikuja na siti moja tu, na shokapu zake za nyuma zilikuwa na nafasi ya kubonyea ya kama sentimita 4. Honda Rebel 500 siti yake ya dereva iko milimita 690 tu kutoka ardhini, jambo zuri sana kwa mtu mfupi, lakini siti yake ya abiria ni kimto kidogo unachoweza kukifungua kwa spana ukakiacha nyumbani. Sizisemi kwa ubaya. Zinasema wazi zimeundwa kwa ajili ya nani, ila mnunuzi hasomi.

Basi kruza inayofaa kwa abiria ni ipi? Naieleza hivi: ni ile ambayo mtu wa nyuma anaweza kukaa saa nzima bila kujishikilia kwa nguvu. Uchovu wa abiria hauji hasa kwa sababu siti ni ngumu. Unakuja kwa sababu misuli haipumziki. Dereva ana usukani wa kushika na anajua breki inakuja lini, kwa kuwa ni yeye anayeikanyaga. Abiria hajui. Kila gia inapobadilishwa anavutwa nyuma, kila breki anasukumwa mbele, na kama hana pa kuegemea wala pa kushika, anatumia tumbo, mapaja na vidole safari nzima.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokitazama ni kiegemeo cha mgongo, kabla hata ya siti. Siti za kruza nyingi zinateremka kidogo kuelekea nyuma, kufuata mviringo wa madgadi, kwa hiyo pikipiki ikiondoka abiria anahisi kama anamwagwa. Kiegemeo kinamwondolea hofu hiyo. Kisiwe chuma cha urembo kilichochomoza tu; kiwe na sponji, na kimguse kiunoni akiwa amekaa wima. Kikiwa mbali, atalala nyuma na shingo itauma. Bajaj, kampuni ileile ya Boxer na ya bajaji za mitaani kwetu, ina kruza iitwayo Avenger, iliyoanza mwaka 2005 ikiwa imezaliwa na Eliminator ya Kawasaki. Avenger 220 Cruise inakuja na kiegemeo cha abiria. Royal Enfield Meteor 350, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020, iliuzwa kwa ngazi kadhaa, na ngazi za Stellar na Supernova ndizo zilizokuja na kiegemeo, Supernova ya juu ikiongezewa kioo cha mbele. Kwa hiyo usiulize jina la pikipiki tu. Jina moja linaweza kubeba pikipiki mbili tofauti kwa mtu wa nyuma.

Baada ya mgongo, magoti. Hapa ndipo mke wangu alipoumia. Kwenye kruza siti ya abiria mara nyingi iko chini, na vyuma vya kukanyagia vimefungwa juu ili visiguse bomba la moshi wala lami pikipiki inapolala kwenye kona. Matokeo yake umbali kati ya siti na nyayo ni mfupi, magoti yanapanda juu ya nyonga, uzito wote unaegemea kwenye mfupa wa mkalio. Dakika kumi hutambui. Nusu saa, unatambua. Mketishe abiria wako kwenye pikipiki iliyosimama, wewe ukiwa umeishikilia, kisha simama pembeni umtazame kama fundi cherehani anavyomtazama mteja. Mapaja yakilala karibu usawa wa ardhi, au yakiteremka kidogo kuelekea magotini, ni vizuri. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, achana nayo, hata kama bei imekufurahisha. Na hapa inabidi nikiri jambo ambalo wapenzi wa kruza hawapendi kulisikia: siti ndefu iliyonyooka ya pikipiki ya bodaboda humtunza abiria kuliko kruza nyingi za kuvutia, kwa sababu aliyeiunda alijua tangu mwanzo kwamba kutakuwa na mtu nyuma.

Siti yenyewe ina siri yake. Watu hubonyeza kwa kidole gumba dukani, wakiona laini wanatabasamu. Sponji laini sana hubonyea mpaka chini, na baada ya kilomita chache abiria amekalia bati. Inayofaa ni ngumu kidogo, pana kwenye makalio, nyembamba mbele ili mapaja yasitanuke kupita kiasi. Habari njema ni kwamba siti ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kurekebisha. Fundi wa viti vya magari anaweza kuichana, akabadilisha sponji na kuishona upya. Magoti yaliyopanda hayarekebishiki kirahisi namna hiyo, maana vyuma vile vimefungwa kwenye fremu.

Shokapu ndizo zinazosahaulika kuliko vyote, na tiba yake mara nyingi ni ya bure. Dereva wa kruza anakaa kati ya magurudumu mawili. Abiria anakaa karibu juu ya ekseli ya nyuma kabisa. Tuta likipigwa, yeye ndiye anayerushwa. Shokapu nyingi za nyuma zina kola yenye ngazi chini ya springi, inayozungushwa kwa spana yake maalumu. Ukiwa peke yako unaiweka chini. Ukipakia mtu unaipandisha, ili springi isibonyee yote kabla hata ya kufika kwenye tuta. Meteor 350 ina ngazi 6 za namna hiyo. Nimewahi kukutana na watu waliomiliki pikipiki miaka mingi bila kuigusa kola hiyo hata mara moja, huku wakilalamika kwamba "inapiga chini". Pamoja na hilo, ongeza upepo wa tairi ya nyuma kwa kiwango ambacho kitabu cha pikipiki kinaagiza kwa watu wawili. Mara nyingi hutofautiana na kile cha mtu mmoja.

Uzito nao una hesabu. Kila pikipiki ina uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kitabu chake. Tuseme pikipiki ikiwa imejaa mafuta ina kilo 190, na uzito wa juu ni kilo 360. Zinabaki 170. Wewe una 85, mwenzako 70, zinabaki 15 za begi, helmeti na maji. Mshikaki, yaani kupakia abiria wawili nyuma, haumo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Kuhusu ukubwa wa injini, watu wanabishana mno. Kwa mjini na safari fupi, sentimita za ujazo 200 na kitu zinatosha watu wawili. Kwa barabara kuu yenye milima ningependa 350 kwenda juu. Nguvu ya juu kabisa si hoja. Hoja ni injini inayovuta ikiwa kwenye mzunguko wa chini, kwa sababu dereva hatabadilisha gia kila dakika na helmeti zenu hazitagongana. Royal Enfield Super Meteor 650 ni nzuri kwa hilo, lakini ina kilo 241 kabla hamjapanda, na mtu asiyeweza kuisimamisha ikiwa na abiria kwenye changarawe asiinunue. Juu zaidi kuna Honda Gold Wing, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1974 na ambayo sasa ina sentimita za ujazo 1,833. Kwa haki, hiyo ni pikipiki ya safari ndefu, si kruza. Abiria wake ana kiti kama cha sebuleni. Naitaja ili ujue kwamba starehe ya abiria inawezekana kabisa mtengenezaji akiitaka.

Usisahau bomba la moshi. Kruza nyingi zina mabomba mawili, yote upande wa kulia, na hukaa karibu na shavu la mguu wa abiria. Tazama kama lina kinga ya bati, na mfundishe mwenzako kupanda na kushuka upande wa kushoto.

Na nguo. Wanawake wengi kwetu huvaa khanga, baibui au dera, na wengi hukaa upande. Sheria ya Uingereza inamtaka abiria akae kwa kutanua miguu, kwenye siti halisi, na mwongozo wao wa barabarani unamshauri aweke nyayo zote mbili mahali pake. India wamelitazama tatizo la nguo kwa jicho jingine: kanuni zao za magari zinadai pikipiki iwe na kishikio cha abiria, pa kuwekea miguu, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili sari isinaswe. Kinga hiyo mara nyingi hung'olewa hapa kwetu kwa madai kwamba inaharibu sura. Tafadhali iache. Kama ilishang'olewa, mwombe fundi aichomelee nyingine kabla mwenzako hajapanda.

Siku ya kununua, nendeni wawili. Muuzaji akikubali mjaribu, abiria aende nyuma angalau dakika ishirini, barabara iwe na matuta na kituo cha taa, na ukirudi usiulize "umeipenda?" Muulize ni wapi panapouma. Mke wangu aliposhuka kwenye ile tuliyonayo sasa alifikiri kidogo, akasema vidole vya mguu wa kulia vimepata joto. Tukanunua kinga ya bomba palepale, na Bagamoyo tumekwenda mara nyingi tangu siku hiyo.