Mguu unaouma kwa kutembea: jinsi tunavyochunguza na kutibu ateri zilizoziba

Mgonjwa anayeletwa kwangu kwa tatizo la mishipa ya damu ya miguu mara nyingi hutarajia kwamba jambo la kwanza litakuwa kupigwa picha, na la pili litakuwa kuzibuliwa mshipa. Naelewa matarajio hayo yanakotoka, lakini kazi yetu ina mpangilio tofauti. Maelezo ya mgonjwa, vidole vya daktari na kipimo cha shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu hutangulia. Picha hufuata pale tu panapokuwa na uamuzi unaoisubiri. Na kuzibua mshipa ni hatua ambayo wengi wa wagonjwa wenye maumivu ya kutembea hawaihitaji kabisa. Wapo wengine, hata hivyo, ambao kuwachelewesha wiki chache tu ni kuwapotezea mguu, na ustadi wa fani hii kwa kiasi kikubwa ni kuyatofautisha makundi hayo mawili.

Ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, huziba polepole. Kwa miaka mingi mafuta, kalisi na tishu ya kovu hujikusanya ndani ya ukuta wake hadi njia ya damu inakuwa nyembamba. Tumbaku na kisukari ndivyo visababishi vikubwa zaidi katika miguu. Shinikizo la juu la damu, lehemu nyingi, umri na ugonjwa wa figo huongezea. Mguu uliopumzika hauhitaji damu nyingi, kwa hiyo hata ateri iliyobana sana huweza kuutosheleza bila mgonjwa kuhisi chochote. Anapoanza kutembea, misuli hudai damu mara kadhaa zaidi, ateri hushindwa kuifikisha, na maumivu ya kubana huanza, hasa kwenye kigimbi. Akisimama, huisha ndani ya dakika chache. Akiendelea na safari, hurudi baada ya umbali uleule. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza maumivu haya kwa binadamu mwaka 1858, na hadi leo mgonjwa anayeyasimulia vizuri hunipa nusu ya jibu kabla sijaugusa mguu wake.

Tatizo linalofanana nalo zaidi ni kubanwa kwa neva katika uti wa mgongo. Mwenye tatizo hilo pia huumwa miguu akitembea, ila kusimama tu hakumsaidii mpaka aketi au ainame mbele. Kwa sababu hiyo huwa nauliza kwa makini zaidi jinsi maumivu yanavyoisha kuliko jinsi yanavyoanza. Mahali yanapokaa pia pana habari: maumivu ya kigimbi kwa kawaida huashiria ateri ya paja, ilhali maumivu ya matako na mapaja huelekeza juu zaidi, kwenye ateri za nyonga au aorta yenyewe, ateri kuu inayotoka moyoni. Kwa wanaume kuziba huko kwa juu kunaweza kuambatana na kupungua kwa nguvu za kiume, jambo ambalo wengi hawalisemi wasipoulizwa.

Baada ya maelezo napapasa mapigo ya damu kwenye kinena, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo upande wa ndani na juu ya wayo. Mpigo wa juu ya wayo usinitishe peke yake usipopatikana, kwa kuwa baadhi ya watu wenye afya hawana mpigo unaopapasika hapo. Kisha namvua mgonjwa soksi zote mbili na kuangalia katikati ya vidole na chini ya kisigino. Inashangaza ni vidonda vingapi hugunduliwa kwa hatua hii ndogo.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokitetea kuliko vingine vyote. Mgonjwa hulala chali na kupumzika kwa dakika kati ya 5 na 10, kisha tunapima shinikizo la juu kwenye mikono yote miwili na kwenye vifundo vyote viwili kwa kutumia mkanda wa kawaida wa kupimia presha na kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita. Shinikizo la kifundo hugawanywa kwa lile la mkono lililo kubwa zaidi. Ikiwa mkono una 140 na kifundo kina 84, uwiano ni 0.6. Kati ya 1.0 na 1.4 ni hali ya kawaida, 0.90 au chini ya hapo ni ugonjwa wa ateri. Kinachobaki katikati yake ni eneo la mpaka, ambapo dalili za mgonjwa ndizo hutuongoza. Mwenye dalili kamili lakini uwiano wa kawaida akiwa amelala hupimwa tena baada ya kutembea, maana kuna ateri ambazo upungufu wake hujitokeza pale tu zinapodaiwa damu nyingi.

Kipimo hiki kina mtego mmoja ambao ni lazima ujulikane. Kwa wagonjwa wa kisukari cha muda mrefu na wa figo, kalisi huufanya ukuta wa ateri kuwa mgumu kiasi kwamba mkanda haubani, na uwiano hutoka juu ya 1.4, au hata ukaonekana wa kawaida, huku mguu ukikosa damu. Jibu zuri la namna hiyo kwa mgonjwa mwenye kidonda siliamini. Kwake napima shinikizo la kidole gumba cha mguu, kwa kuwa ateri ndogo za vidole huathiriwa kidogo na kalisi; shinikizo hilo likiwa chini ya milimita 30 za zebaki, uwezekano wa kidonda kupona bila kurudishiwa damu ni mdogo.

Uwiano huohuo una kazi nyingine katika magonjwa ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ambayo sitayaingia kwa undani hapa. Soksi za kubana ni tiba nzuri kwa kidonda kinachotokana na vena zilizolegea, lakini kumvisha mtu soksi hizo bila kupima ateri zake kwanza ni hatari, kwa kuwa mguu wenye damu haba unaweza kuumia zaidi ukibanwa.

Picha huja baadaye. Altrasaundi ya mishipa huonyesha mahali palipobana na kasi ya damu bila mionzi, na mara nyingi hutosha. Picha za CT au za sumaku zenye dawa ya kung'arisha mishipa huhitajika tunapopanga upasuaji au kuzibua, na hapo figo za mgonjwa lazima zifikiriwe. Kama hatukusudii kuugusa mshipa, sioni sababu ya kuzitafuta.

Tiba ya mwenye maumivu ya kutembea huanza na jambo ambalo wengi hawalitegemei: moyo na ubongo wake. Mkusanyiko wa mafuta na kalisi uliobana ateri ya paja mara nyingi upo pia katika ateri za moyo na za shingo, na mgonjwa wa aina hii ana hatari kubwa zaidi ya kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi kuliko ya kukatwa mguu. Kwa hiyo huacha tumbaku, hupewa statini, dawa ya kupunguza lehemu, hata kama lehemu yake haionekani kuwa nyingi, hupewa dawa moja ya kuzuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kushikamana, yaani aspirini au klopidogreli, na shinikizo lake na sukari yake hudhibitiwa. Dawa hizi hazimpunguzii sana maumivu, na ni lazima aelezwe hivyo mapema, la sivyo ataziacha.

Kinachopunguza maumivu ni kutembea kwenyewe, kwa utaratibu. Mgonjwa hutembea mpaka maumivu yawe ya wastani au makali kidogo, hupumzika yaishe, kisha huanza tena, kwa jumla ya dakika 30 hadi 60, siku 3 kwa wiki, kwa wiki zisizopungua 12. Wengi huogopa kwamba maumivu hayo yanaharibu mguu. Hayauharibu. Msuli hujifunza kutumia vizuri zaidi oksijeni ndogo inayoufikia, kuta za mishipa midogo hutanuka kwa wepesi zaidi, na mwendo wenyewe hubadilika. Matokeo huwa bora zaidi mazoezi yanaposimamiwa, na kumwambia mgonjwa tu kwamba "jitahidi kutembea" hakutoshi. Ipo dawa iitwayo silostazoli inayoweza kuongeza umbali, ila mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri hapaswi kuimeza.

Mambo hubadilika kabisa maumivu yanapokuja bila kutembea. Mgonjwa huamshwa usiku na maumivu ya vidole au ya wayo, huuning'iniza mguu nje ya kitanda ili apate nafuu, au ana kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2, au kidole kimeanza kuwa cheusi. Mwenye kisukari anaweza asihisi maumivu yoyote kwa sababu neva zake zimekufa ganzi. Hapa mazoezi hayana nafasi tena. Tunapima ukubwa wa kidonda, upungufu wa damu na kiwango cha maambukizi kwa pamoja, kisha tunatafuta njia ya kurudisha damu haraka.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia ndani ya mshipa, ambayo ilianza tarehe 16 Januari 1964 huko Portland, Marekani, daktari Charles Dotter alipoipanua ateri ya paja ya mwanamke wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Daktari Andreas Grüntzig alileta puto la kuupanua mshipa kwa ndani katika miaka ya 1970, na stenti, vijibomba vya kuuacha wazi, zikafuata. Ya pili ni kuunganisha njia mpya ya kupitisha damu kando ya palipoziba, kwa kutumia vena ya mgonjwa mwenyewe, upasuaji ambao daktari Jean Kunlin aliufanya Ufaransa mwaka 1948. Majaribio mawili makubwa yametoa majibu yanayoonekana kupingana: BEST-CLI la mwaka 2022 liliipa nafasi ya mbele vena nzuri ya mgonjwa, na BASIL-2 la mwaka 2023 liliona heri kuanza na njia ya ndani kwa ateri za chini ya goti. Kwa mtazamo wangu, mgonjwa mwenye vena nzuri na anayeweza kuhimili upasuaji asinyimwe nafasi hiyo kwa sababu tu puto ni rahisi, na aliye dhaifu asipasuliwe kwa sababu tu vena ipo. Baada ya njia yoyote kati ya hizo tunaendelea kupima uwiano wa kifundo. Ukishuka kwa zaidi ya 0.15, altrasaundi hufanywa bila kungoja dalili.

Hali moja haingoji hata siku. Mguu unaobadilika ghafla kuwa mweupe au uliopauka, baridi, wenye maumivu makali, ganzi na vidole visivyosogea, una ateri iliyozibwa na bonge la damu, mara nyingi kutoka kwenye moyo unaopiga bila mpangilio. Misuli huanza kuharibika kabisa baada ya takriban saa 6. Mguu usikandwe, usichovywe kwenye maji ya moto, wala usiinuliwe juu. Hospitali huanza na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na bonge huweza kuvutwa kwa mpira mwembamba wenye puto, kifaa alichokibuni Thomas Fogarty na kukitangaza mwaka 1963. Wakati mwingine ngozi na utando unaozunguka misuli hupasuliwa ili uvimbe unaotokea damu inaporudi usiibane tena. Anayemleta mgonjwa huyo husaidia sana akiweza kusema maumivu yalianza saa ngapi, kama mgonjwa ana historia ya ugonjwa wa moyo, na ni dawa gani za kuzuia damu kuganda anazotumia au aliziacha lini.