Mchezo wa kivinjari ni mchezo wa aina gani?

Likizo ya Agosti mpwa wangu alikuja kukaa nami Kondele, na siku ya pili tu akanijia simu mkononi: "Mjomba, simu imejaa. Nifute nini ndio niweke gemu?" Nikamwambia asifute kitu. Nikafungua kivinjari, nikaandika anwani moja, na chai yake haikuwa imepoa alipokuwa tayari anacheza. Swali lake la pili ndilo limenifanya niandike: gemu hiyo imeingia wapi kwenye simu?

Haikuingia popote. Mchezo wa kivinjari huchezwa ndani ya programu ileile unayosomea habari mtandaoni, kama Chrome au Firefox. Hupakui kitu, husakinishi kitu. Ukurasa unapofunguka huja na maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Kivinjari huyasoma, huchora picha na kufuata vidole vyako. Ukifunga ukurasa, mchezo unaondoka. Aliyekulia huku Nyanza afikirie ajua, yaani bao, ya mashimo yaliyochimbwa chini ya mwembe: unakwenda palipo na mashimo, unacheza na kokoto zako, kisha unaenda zako. Hakuna anayebeba mashimo kwenda nayo nyumbani.

Kwa mtu mwenye simu ndogo, au anayelipia dakika kwenye saiba ambako haruhusiwi kuweka programu yoyote, jambo hili ni kubwa. Mfano ninaoupenda zaidi ni 2048. Gabriele Cirulli, kijana Mwitaliano wa miaka 19, aliutoa mwezi Machi 2014. Kuna miraba 16 tu, unasogeza namba, mbili zinazolingana zikigongana zinakuwa moja: 2 na 2 ni 4, 4 na 4 ni 8, mpaka ufike 2048. Ukishafunguka unaendeshwa na simu yako mwenyewe, kwa hiyo hata bando likiisha katikati unaweza kuendelea. Nimeona mtoto asiyependa hesabu akiukalia saa nzima.

Wanaokumbuka saiba za zamani watauliza zile gemu zetu zilikwenda wapi. Nyingi zilitengenezwa kwa Flash, programu ya kampuni ya Adobe. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikazuia chochote cha Flash kisifunguke ndani yake. Hazikufa zote, maana kuna programu huria iitwayo Ruffle inayoweza kuendesha nyingi kati yake, na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, imehifadhi maelfu.

Sasa neno "bure". Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, na ningependa kila mzazi apaelewe. Kuna bure ya kweli. Lichess, uwanja wa sataranji ulioanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, hauna tangazo hata moja; unaendeshwa kwa michango. Unaweza kucheza na mtu wa Brazili au na kompyuta yenyewe, bila hata kufungua akaunti. Kuna bure ya matangazo, ambayo si dhambi, ila tangazo la video mara nyingi hula bando kuliko mchezo wenyewe. Halafu kuna mlango ulioandikwa bure ambao ukiingia unaombwa namba ya simu, kisha uweke pesa kwa M-Pesa ili "ushinde". Hiyo ni kamari. Ndege ipae, gurudumu lizunguke, rangi zimetemete, ni kamari tu, na sheria ya Kenya hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuicheza. Mchezo wa kivinjari wa haki hauhitaji kujua namba yako ili uanze. Ukiombwa pesa kabla ya kucheza, funga ukurasa.

Kutafuta iliyo mizuri si kazi ngumu. Kwenye itch.io, soko la watengenezaji wadogo lililofunguliwa 2013, unaweza kuchuja ubaki na ya bure inayochezwa kwenye kivinjari pekee. Anayejifunza Kiingereza ajaribu Wordle: neno moja kwa siku, herufi tano, nafasi sita za kubahatisha. Josh Wardle aliutengenezea mwenzi wake, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua.

Mambo mawili ya kiufundi. Opera Mini, tunayoipenda kwa kubana data, inapobana sana hutayarisha ukurasa kwenye seva, yaani kompyuta zake za mbali, kabla ya kukuletea, na michezo mingi hukwama hapo; tumia kivinjari kingine. La pili, alama zako kwa kawaida hutunzwa ndani ya kivinjari chenyewe. Mpwa wangu alijenga himaya ya biskuti siku tatu kwenye saiba moja, akicheza Cookie Clicker, mchezo wa kubofya biskuti ziongezeke; siku ya nne akakuta mashine imesafishwa na biskuti zote hazipo. Kumbe mchezo huo una sehemu ya kukutolea maandishi marefu ya hifadhi, unayanakili mahali, kisha unayabandika kwenye mashine nyingine na kuendelea ulipoachia. Nilijutia kutomwonyesha mapema.

Jumamosi jioni kabla hajarudi Siaya, bando liliisha kabisa. Chrome ikaonyesha yule dinosau mdogo wa kutangaza kwamba hakuna intaneti. Nikamwambia amguse. Dinosau akaanza kukimbia, akiruka dungusi baada ya dungusi, na kijana akanitazama kwa mshangao: mtandao haupo, gemu inatoka wapi? Huyo yumo ndani ya Chrome tangu 2014, amewekwa hapo kwa ajili ya dakika kama hizo.